Dili liko mlangoni, sisi tunalipita

Kijana wa mjini ukimtajia dili, macho yanakimbilia mbali. Mmoja atakwambia anataka kwenda China kufuata mzigo. Mwingine anatafuta mtu wa kumdhamini apate bodaboda. Wa tatu ana ndoto ya kufungua saluni yenye vioo mpaka chini. Si vibaya, kila mtu na riziki yake. Lakini wote hao, kutoka kituo cha daladala hadi kazini, wanapita mbele ya milango zaidi ya mia kila siku na hakuna hata mmoja anayeigeukia.

Mimi milango naijua kwa sababu ndiyo inayonilisha. Ni fundi vitasa, hapa hapa Dar. Ndiyo, wale wale mnaotuona na kimeza pembeni ya barabara, mashine ya kuchonga funguo, na ubao umetundikwa funguo kama dagaa wa kuanika. Watu wanadhani kazi yetu ni kuchonga tu. Mshikaji, leo nakupasha bila chenga: ukikaa mezani kusubiri wenye kuchongesha ufunguo mmoja mmoja, utafunga mkanda ile mbaya. Mshiko wenyewe uko kwenye mlango wa duka au ofisi ambao tayari una kitasa, na mwenyewe anaamini kitasa hicho bado kinamlinda.

Nazungumzia kutoa kitasa cha zamani na kuweka kipya ndani ya mlango ule ule. Mlango haung'olewi, fremu haiguswi, ukuta haubomolewi. Mwenye duka anaokoa gharama ya mlango mpya, wewe unalipwa kwa kichwa chako na mkono wako. Asubuhi unaingia, jioni mlango ni ule ule kwa sura, ila tabia imebadilika.

Niliingia kwenye kazi hii mwaka 1997, pale Gerezani, chini ya mzee mmoja aliyekuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa hana mashine. Alikuwa na tupa tatu, jiliwa moja na uvumilivu. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, na kwa miezi miwili kazi yangu ilikuwa kufagia chenga za shaba na kwenda kumchukulia chai. Siku aliyonipa tupa alisema neno moja tu: "Mwanangu, chuma hakina siri. Siri anayo mwenye ufunguo." Nikaona mzee anapiga mafumbo. Nimekuja kumwelewa baadaye, na leo neno hilo ndilo duka langu.

HESABU HAIDANGANYI

Tuje kwenye namba, maana vijana tunapenda namba. Ufunguo wa kawaida mezani kwangu nachonga kwa shilingi 3,000. Ukitoa ufunguo mbichi na umeme, nabaki na kama 2,000. Siku nzuri wanakuja kumi, siku mbaya anakuja mmoja, tena anaomba kupunguziwa.

Sasa angalia kazi moja niliyofanya Kariakoo mwaka 2019. Duka la jumla la vitenge, ghorofa mbili, milango 9. Kila mlango niliweka silinda mpya. Silinda nilinunua kwa 28,000, nikamuuzia mwenyewe kwa 40,000, na mkono wangu nilimtoza 20,000 kwa kila mlango. Kwa hiyo kila mlango uliniachia 32,000, na milango yote 288,000. Nikatoa 60,000 za kijana wangu wa kunisaidia na nauli. Nikabaki na 228,000 kwa kazi ya siku moja na nusu.

Ili nipate fedha hiyo kwa kuchonga, ningehitaji wateja 114. Wapi na wapi!

Tena mteja wa mezani akishaondoka, kaondoka. Mwenye milango 9 anarudi. Mfanyakazi akiacha kazi, anarudi. Mlango ukianza kugoma kwa kutu za hewa ya bahari, anarudi. Akifungua tawi lingine Mbagala, anakupigia simu wewe kwanza. Huyo ndiye mteja, wengine ni wapita njia.

FUNGUO NNE, MIKONO SABA

Mwenye duka lile la vitenge ni mama wa makamo, mtu wa maneno machache. Aliniita kwa sababu mzigo ulikuwa unapungua. Hakuna mlango uliovunjwa, hakuna kufuli lililokatwa, mlinzi hajaona kitu. Kila mwezi robota moja au mbili zinayeyuka. Alikuwa ameshanunua makufuli makubwa mara tatu, kila mara kubwa kuliko la kwanza, hadi la mwisho lilikuwa kama mkate wa boflo.

"Fundi," akaniambia, "niletee lile lisilokatika hata kwa msumeno."

Nikamuuliza, "Mama, kuna lililowahi kukatwa?"

Akanyamaza. Nikamuuliza funguo ziko ngapi. Akasema nne. Nikamwomba tukae tuwahesabu watu badala ya funguo. Wa kwanza yeye. Wa pili mdogo wake. Wa tatu keshia. Wa nne mlinzi. Halafu akakumbuka dada wa usafi anayefika alfajiri. Halafu kijana wa kupokea mzigo usiku. Halafu mtunza stoo aliyeachishwa kazi mwaka mmoja kabla, ambaye alirudisha ufunguo wake vizuri tu, kwa adabu, mbele ya watu.

Saba. Na kila kufuli jipya lilipofika, aliyetumwa kwenda kulinunua ni mmoja wa hao hao, na funguo zake zilipita mikononi mwake kabla hazijamfikia mama.

Mama akakaa kwenye robota, akashika kichwa. Mimi si polisi, sikumtaja mtu, na mpaka leo sijui ni nani. Haikuwa kazi yangu kujua. Kazi yangu ilikuwa kuufanya kila ufunguo uliokuwa mtaani siku ile ugeuke kipande cha shaba cha kuchezea watoto.

Nikaigawa milango yake mafungu matatu: ya dukani, ya stoo na ya ofisini. Ndani ya silinda kuna vipini vidogo vinavyosukumwa na springi. Ufunguo sahihi unavipandisha vyote mpaka mstari mmoja, ndipo silinda inazunguka. Mmarekani Linus Yale Junior alichukua hataza ya silinda ya namna hiyo mwaka 1861, na mpaka leo dunia nzima inafungia duka kwa akili ile ile. Ukivipanga upya vile vipini, ufunguo wa jana unaingia lakini haugeuki. Nikapanga silinda za kila fungu zifunguke kwa ufunguo mmoja. Mama akawa na funguo tatu badala ya tisa, keshia mmoja, stoo mmoja. Kila aliyepewa alisaini kwenye daftari.

Miezi mitatu baadaye nilipita kumsalimia. Aliniagizia soda, akasema, "Mwanangu, robota zimetulia." Basi. Sikuuliza zaidi.

PIMA KABLA HUJAUZA

Wewe unayetaka kuingia kwenye kazi hii, sikiliza hapa maana ndipo wengi wanapoumbuka. Fundi wa kubahatisha ananunua kitasa kwanza halafu anakwenda kuulazimisha mlango ukubali. Anatoboa, anachimba kwa patasi, mlango wa mninga unabaki kama umeliwa na panya. Fundi wa kweli anafika na futi kamba kabla ya bisibisi.

Pima kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo. Pima pia kutoka katikati ya mkono wa kitasa kushuka hadi katikati ya tundu hilo. Vitasa vingi vya mtindo wa Kiingereza, ambavyo nyumba zetu za zamani zimejaa, hapo vina milimita 57. Vingi vya mtindo wa Kijerumani vina 72. Ukichanganya hivyo viwili utatoboa mlango upya, na mteja atakata fedha ya mlango wake kwenye fedha yako. Ukipata kitasa chenye vipimo vile vile, kinaingia shimo lile lile kama mguu kwenye kiatu chake.

Silinda nayo ina mambo yake. Inapimwa kutoka tundu la skrubu la katikati kwenda kila upande, kwa mfano 30 kwa 30, au 35 kwa 45 kama mlango ni mnene. Ikitokeza nje zaidi ya milimita 3, umemwachia mwizi pa kushika, na silinda huvunjika pale pale katikati penye skrubu. Nimeona maduka ya mamilioni mjini yenye silinda iliyotokeza kama pua.

Milango ya alumini ina mwili mwembamba, kwa hiyo kitasa cha mlango wa mbao hakiingii, usihangaike. Na milango ya vioo vilivyokaushwa kwa moto, ile isiyo na fremu, usithubutu kuitoboa hata kwa keekee ya dhahabu. Kioo kile kikishapitia tanuru, tundu dogo tu linakisambaratisha chote kuwa chenga. Kuna vitasa maalumu vya kukibana juu na chini bila kutoboa. Hivyo ndivyo vya kutumia.

Na hizi sumaku za umeme za maofisini, zenye kuguswa kwa kadi? Nzuri, zina ujiko. Lakini ikumbuke tabia yake: umeme ukikatika, sumaku inaachia. Kwa watu walio ndani ni salama, kwa kompyuta za bosi ni balaa. Mwambie mteja mapema aweke betri, na aweke kitasa cha kawaida cha kufungia usiku baada ya watu wote kutoka. Ukimwambia kabla wewe ni mtaalamu. Ukimwambia baada ya kuibiwa, wewe ni mshukiwa.

KAZI HII NI UAMINIFU

Hapo penye mshukiwa nisimame kidogo. Fundi vitasa akiingia dukani kwako anajua mengi kuliko mwenye nyumba. Anajua mlango gani dhaifu, stoo iko wapi, mlinzi anasinzia saa ngapi. Ndiyo maana mzee wa Gerezani alitufunga kwa masharti. Sibaki na nakala ya ufunguo wa mtu, hata akiniomba nimtunzie. Funguo mpya namkabidhi mwenyewe mkononi, kwenye bahasha. Sichongi ufunguo wa ofisi kwa mtu aliyeletwa na haraka tu. Akija kijana na ufunguo uliobandikwa jina la kampuni, namwomba barua au nampigia bosi wake. Wanakasirika, wanakwenda meza ya jirani. Waende.

Hiyo ndiyo faida ambayo huwezi kuinunua Kariakoo kwa jumla. Kitasa anaweza kukiuza kila mtu.

SIKU NILIYOITWA MNOKO

Sasa nije kwenye jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi wanapofundishwa kazi hii. Kuna hela ya kukataa.

Mwaka 2022 aliniita bosi mmoja mwenye karakana ya ushonaji, ghorofa ya pili. Ndani kulikuwa na mafundi cherehani zaidi ya 20, wengi mabinti, wakishona sare za shule. Msimu wa shule kufunguliwa walikuwa wanakesha. Bosi alisema sare zinapungua usiku, watu wanatoka nazo chini ya kanga. Alitaka mlango wa ngazi ubadilishwe kitasa: ufungwe kwa nje saa mbili usiku, ufunguliwe kwa nje saa kumi na moja alfajiri, na kwa ndani pasiwe na kitu cha kugeuza. Madirisha yalikuwa na nondo. Mlango mwingine haukuwepo.

Pamoja na kazi za milango mingine ya chini, mezani iliwekwa 650,000. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi mitatu, na mama watoto alikuwa ameshaniambia asubuhi ile kwamba mwenye nyumba hataki tena hadithi.

Nikamwambia, "Bosi, milango ya chini nafanya leo leo. Huu wa ngazi nitakuwekea kitasa ambacho nje hakifunguki bila ufunguo, lakini ndani kinageuzwa kwa vidole tu. Nitakuwekea na kengele. Mlango ukifunguliwa usiku, kengele inalia mpaka kwa mlinzi. Anayetoka anajulikana."

Akacheka. "Wewe ni fundi au mchungaji? Nimekuita uje kufunga mlango."

Nikamweleza vitambaa vinavyoshika moto, pasi zisizozimwa, nyaya zilizounganishwa kwa selotepu juu ya vichwa vya wale mabinti. Akanionyesha ngazi. Kazi yote ikaenda, hata ile ya chini. Siku mbili baadaye mtu mwingine alikiweka kile kitasa.

Nililala vibaya. Siku ya tatu nilikwenda kwa watu wa zimamoto, nikawaeleza nilichokiona, jengo gani, ghorofa gani. Wakaenda kukagua, na bosi akaamriwa aurudishe mlango katika hali ya kufunguka kutoka ndani. Habari zikasambaa mtaani kuliko redio. Nikabandikwa jina: fundi mnoko. Mabosi wawili waliokuwa wateja wangu wakahamia kwa wengine, kwa sababu nani anataka fundi anayekwenda kusema? Kodi nililipa kwa kukopa kwa shemeji yangu, na deni lile lilinichukua karibu mwaka.

Kitasa cha vidole kikawekwa kwenye mlango ule. Aliyekiweka si mimi, wala sikupata hata mia.

MILANGO ILIYOUA

Msije mkadhani nilikuwa naona mizimu. Tarehe 25 Machi 1911, huko New York, kiwanda cha kushona blauzi cha Triangle kilishika moto. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, maana wenye kiwanda walitaka wafanyakazi watokee upande mmoja wapekuliwe mikoba wasiibe. Walikufa watu 146, wengi wao mabinti wahamiaji. Sababu ni ile ile ya bosi wangu wa sare, miaka zaidi ya 100 baadaye: kuzuia wizi wa nguo.

Na hapa jirani tu, Kenya, Machi 2001, bweni la shule ya sekondari Kyanguli, Machakos, liliwaka usiku. Lilikuwa na milango miwili, na mmoja ulifungwa kwa kufuli. Wavulana 67 hawakurudi nyumbani. Kufuli moja. La bei gani? Hata tusijiulize.

Kuna milango mingine ambayo ilileta fundisho. Mwaka 1883, mjini Sunderland, Uingereza, watoto 183 walikufa ukumbini wakikimbilia zawadi, kwa sababu mlango wa chini ya ngazi ulikuwa umekomewa ukaacha upenyo wa kupita mtoto mmoja mmoja. Baada ya hapo Mwingereza Robert Alexander Briggs akabuni komeo la kusukuma, na mwaka 1892 akapata hataza yake. Ni lile bomba la kulala mlangoni ambalo ukiliegemea kwa kifua tu, mlango unafunguka kwenda nje. Mnaliona kwenye kumbi na maduka makubwa mkidhani ni pambo. Nje mlango umefungwa, mwizi haingii. Ndani mtoto wa miaka sita anaufungua kwa kusukuma.

Basi hapo ndipo penye kazi yenyewe. Kufunga mlango usifunguke kabisa hakuhitaji fundi, misumari inatosha. Mteja anatulipa ili mlango umkatalie mmoja na umkubali mwingine, usiku na mchana, umeme ukiwepo na usipokuwepo. Kijana anayejua kulipanga hilo kwenye mlango wa zamani, bila kuuharibu, hakosi kula katika mji huu.

Wateja walirudi polepole. Mmoja ni shule ya binafsi, milango 14 ya mabweni na madarasa. Mkuu wa shule alisema amesikia habari za fundi mnoko, na ndiye anayemtaka.

Kwa hiyo mshikaji, kama una mkono mwepesi na jina safi, tafuta fundi mzee, umwamkie, umfagilie chenga. Na wewe uliyeajiriwa, nakupa kazi ya nyumbani. Kesho ukifika ofisini, hesabu watu wenye ufunguo, usihesabu funguo. Halafu nenda mlango wa kutokea, ujaribu kutoka bila kumwomba mtu yeyote akufungulie. Ukishindwa lolote kati ya hayo mawili, mwambie bosi wako aite fundi kabla ya Ijumaa.

Haya, wiki njema!